Cherry County, Nebraska: watu 5,455 katika ardhi inayoizidi Zanzibar mara sita

Mwezi uliopita niliwaahidi kuandika juu ya karo za vyuo, lakini jambo la nyumbani limeingia kati, na nadhani litawagusa wengi wenu zaidi ya karo.

Binti wa dada yangu alimaliza masomo ya uuguzi hapa Omaha mwezi Mei. Majira ya joto yote alituma maombi ya kazi, na mwezi Agosti akaitwa. Dada yangu yuko Maskati. Aliposikia kwamba mwanawe kapata kazi, alipiga vigelegele kwenye simu. Alipoambiwa kazi iko wapi, akanyamaza. Kisha akanipigia mimi, usiku wa manane kwangu, asubuhi kwake.

"Nimetazama ramani," akasema. "Pana jina la mji mmoja tu, pembeni kote ni kitupu. Mtoto atakaa na nani huko? Akiumwa nani atamjua? Wewe ndiye uliye karibu naye. Nendeni mkaangalie, kisha uniambie kweli. Usinipambie."

Hiyo "karibu" ya dada ni maili 300, mwendo wa saa tano kwa gari. Tukaenda mwezi Septemba, mimi na binti. Ninayowaandikia leo ni yale niliyomwambia dada, pamoja na yale niliyosoma kabla na baada ya safari. Najua wako vijana wengi miongoni mwenu wanaoitwa kazini katika sehemu kama hizi, na wazazi wengi wanaokosa usingizi kwa ajili hiyo.

Ukubwa wake

Kaunti ya Marekani unaweza kuifananisha na wilaya kwetu. Ina makao yake makuu, mahakama yake, sherifu wake anayechaguliwa kwa kura, na hukusanya kodi ya ardhi na majengo ambayo huendesha barabara na shule. Kenya nzima ina kaunti 47. Jimbo la Nebraska, lenye watu wapatao milioni mbili tu, lina kaunti 93.

Kati ya hizo 93, Cherry ndiyo kubwa kuliko zote. Ina karibu kilomita za mraba 15,500. Kwa sisi wa visiwani, chukua Unguja na Pemba pamoja, uziweke humo mara sita, na nafasi itabaki. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Zanzibar watu milioni moja na laki nane na zaidi. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu Cherry County watu 5,455. Ukiwagawia ardhi sawasawa, kila mmoja, hata mtoto mchanga, anapata zaidi ya kilomita mbili na nusu za mraba peke yake.

Lakini watu hawagawanyiki sawasawa. Karibu nusu yao wako katika mji mmoja, Valentine, ambao ndio makao makuu. Dada aliposikia jina hilo alicheka kwa mara ya kwanza tangu habari hii ianze. Mji haukupewa jina hilo kwa sababu ya mapenzi. Umeitwa kwa jina la mbunge wa zamani, Edward Valentine. Hata hivyo wenyeji hawakuiacha bahati hiyo ipite. Kila Februari watu wa mbali huwatumia posta ya mji kadi zao zigongwe muhuri wa Valentine, kisha zipelekwe kwa wapenzi wao.

Nusu nyingine ya watu imetawanyika katika vijiji vidogo na kwenye ranchi za ng'ombe. Baadhi ya vijiji hivyo havina watu wa kujaza daladala mbili.

Na zamani walikuwa wengi zaidi. Mwaka 1920 kaunti ilikuwa na watu zaidi ya 11,000. Tangu wakati huo wamepungua hadi chini ya nusu. Hawakukimbia vita wala ugonjwa. Ranchi ndogo zilinunuliwa na kubwa, mashine zikachukua kazi za mikono, na watoto walipokwenda kusoma mijini hawakurudi. Hadithi hiyo hata kwetu tunaijua.

Njiani

Tulitoka Omaha alfajiri. Mpaka O'Neill unaona mashamba ya mahindi na soya, miji midogo, kanisa, ghala refu la nafaka, halafu tena mahindi. Baada ya Ainsworth mahindi yanapungua na miti inaadimika. Unapoingia Cherry County kupitia kijiji cha Wood Lake, pande zote unaona vilima vya mviringo vyenye nyasi, kimoja nyuma ya kingine, mpaka macho yanachoka.

Vilima hivyo ni mchanga. Eneo zima linaitwa Sandhills, na ndilo eneo kubwa kuliko yote la vilima vya mchanga katika nusu ya magharibi ya dunia, karibu kilomita za mraba 50,000. Ni jangwa lililovaa nyasi. Upepo ulirundika mchanga zamani, nyasi zikaota juu yake na mizizi ikaushika. Nyasi zikiondolewa mahali, upepo hufungua shimo, na shimo huendelea kupanuka. Tuliona mashimo kadhaa ambayo wafugaji wameyajaza matairi mabovu ili kuzuia mchanga usiendelee kuondoka.

Chini ya mchanga huo kuna maji mengi sana. Mvua ikinyesha haitiririki. Inazama na kuingia katika hazina kubwa ya maji ya chini ya ardhi iitwayo Ogallala, inayotegemewa na majimbo manane. Kusini mwa Valentine maji hayo yamejitokeza juu kati ya vilima na kufanya maziwa madogo mengi yaliyojaa bata. Kwenye malisho ya mbali, pampu za upepo huvuta maji na kuyamimina kwenye matangi ya chuma kwa ajili ya ng'ombe.

Na ng'ombe ndio wenye kaunti hasa. Wanawazidi watu kwa makumi ya mara. Kwa muda mrefu Cherry imekuwa ikitajwa katika mstari wa mbele kati ya kaunti zote za Marekani kwa idadi ya ng'ombe wa nyama.

Kitu kimoja kilitufurahisha barabarani. Kila gari lililotujia kutoka mbele, dereva aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Mwanzo binti alidhani tumekosea jambo. Baadaye tukaelewa: ni salamu. Mahali ambapo unakutana na gari moja kila dakika kumi, huwezi kumpita mwenzio kama hukumwona. Mchana wa pili na sisi tukawa tunainua vidole.

Jambo jingine ni saa. Kaunti hii imekatwa katikati na mstari wa saa za dunia: upande wa mashariki una saa yake, upande wa magharibi uko nyuma kwa saa moja. Tulitoka Valentine saa nne asubuhi kwenda kijiji cha Merriman, magharibi, mwendo wa karibu saa nzima. Tukafika saa nne asubuhi. Binti, ambaye tangu utotoni amezoea kugeuza saa za Kiswahili na za Kizungu kichwani, na juu yake saa za Maskati za mama yake, alisema huku atahitaji kichwa cha nne.

Watu wachache, kazi nyingi

Nilikwenda na swali la dada: akiumwa, nani atamjua? Jibu nililopata lilikuwa kinyume cha nilivyotarajia. Huko kila mtu atamjua, atake asitake.

Mahali penye watu wachache, kazi za mji mzima zinabaki pale pale. Bado nyumba zinaungua, watoto wanasoma, barabara zinajaa theluji, wazee wanaanguka. Kwa hiyo mtu mmoja anabeba kazi mbili tatu. Sehemu kubwa ya vikosi vya zimamoto vya Nebraska ni vya watu wa kujitolea. Mwenye kuuza vipuri mchana ndiye anayekuja na gari la kuzima moto usiku.

Mfano ulionigusa zaidi ni kijiji cha Cody, kwenye barabara namba 20. Kina watu wapatao 150. Kwa miaka mingi hakikuwa na duka la chakula, na kwenda Valentine ni karibu maili 40. Waliofanya jambo ni wanafunzi wa shule ya pale, ambayo kijiji hicho kinashirikiana na jirani yake Kilgore. Wao na walimu wao waliomba ruzuku, wakashiriki kulijenga duka lenyewe kwa kuta za marobota ya nyasi kavu, na mwaka 2013 likafunguliwa, wanafunzi wakiwa ndio wahudumu na wenye kushika hesabu. Nilimweleza mwanangu wa kiume, ambaye ana umri wa miaka kumi na sita na huona kuosha vyombo ni adhabu. Hakusema kitu.

Kwa muuguzi mambo ni hivyo hivyo. Marekani ina daraja maalum la hospitali za vijijini, lililowekwa na sheria ya mwaka 1997. Hospitali ya daraja hilo haizidi vitanda 25, kwa kawaida iko mbali na hospitali nyingine, na lazima ipokee dharura saa 24. Serikali huilipa kwa utaratibu wake wa peke yake ili isifungwe kwa kukosa wagonjwa wa kutosha. Muuguzi wa huko hachagui wodi. Leo anamkanda mzee kifua, kesho yuko na mama anayejifungua, keshokutwa kijana aliyetupwa na farasi. Mgonjwa mahututi hutulizwa, kisha hupelekwa mji mkubwa, mara nyingine kwa ndege. Binti alipoelezwa hayo macho yalimng'aa. Huku Omaha angekaa miaka kabla ya kugusa nusu ya hayo.

Nami niliuona upande wa pili. Ikiwa mgonjwa mahututi ni yeye mwenyewe, naye atangoja ndege hiyo hiyo. Na dhoruba ya theluji ikiwa kali, ndege hairuki. Hilo nilimwambia dada bila kupunguza neno.

Wanafunzi wa udaktari mnaonisoma, hapa pana jambo lenu. Madaktari wa kigeni wanaosomea ubingwa Marekani kwa viza ya J-1 kwa kawaida hutakiwa kurudi kwao miaka miwili kabla ya kuomba kukaa. Kuna mpango uitwao Conrad 30, ulioanza mwaka 1994, unaoruhusu kila jimbo kuwaombea hadi madaktari 30 kwa mwaka wasamehewe sharti hilo, mradi wakubali kufanya kazi miaka mitatu mahali penye upungufu wa madaktari. Kaunti nyingi za vijijini zimepata madaktari wao kwa njia hii. Kanuni za uhamiaji hubadilika, kwa hiyo mwulizeni mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutia saini chochote.

Si sisi wa kwanza

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikulijua kabla ya safari hii.

Binti aliniuliza njiani, kwa sauti ya mzaha ambayo haikuwa mzaha: "Mama mdogo, hivi huko nitakuwa mtu mweusi wa kwanza?"

Wengi wa wakaazi wa Cherry County ni wazungu. Wanaofuata ni wenyeji wa asili wa Marekani, kwani ardhi yote hii ilikuwa nchi yao, na ng'ambo tu ya mpaka wa kaskazini, katika jimbo la South Dakota, kuna eneo la Rosebud walilobakiziwa Walakota. Weusi ni wachache sana. Lakini wa kwanza? Hapana, amechelewa kwa zaidi ya miaka mia.

Karibu na Valentine palikuwa na ngome ya jeshi, Fort Niobrara, iliyoanzishwa mwaka 1880 na kufungwa mwaka 1906. Katika miaka ya 1880 ilikaliwa na kikosi cha tisa cha farasi, cha askari weusi. Baadaye, kuanzia mwaka 1902, ikakaliwa na kikosi cha 25 cha askari weusi wa miguu. Hawa ndio waliohamishwa mwaka 1906 kwenda Brownsville, Texas, ambako walisingiziwa kufyatua risasi mjini. Rais Theodore Roosevelt aliwafukuza jeshini askari 167 bila kuwafikisha mahakamani. Jeshi lilisafisha majina yao mwaka 1972, wengi wao wakiwa wameshakufa.

Baada ya askari wakaja wakulima. Mwaka 1904 ilipitishwa sheria iitwayo Kinkaid, kwa jina la mbunge aliyeitunga. Iliruhusu mtu kupata bure ekari 640 katika Nebraska ya magharibi, badala ya ekari 160 za sheria ya zamani, ilimradi akae juu yake miaka mitano na kuiendeleza. Familia za Waamerika weusi zikaja, kuanzia karibu mwaka 1907, zikachukua ardhi kando ya mto North Loup, kusini mwa kaunti. Baadhi ya wazee wao walizaliwa utumwani. Wengine walitoka Kanada, ambako wazazi wao walikimbilia kuukwepa utumwa huo. Kijiji chao kikaitwa DeWitty.

Miti ya kujengea haikuwepo, kwa hiyo walikata mabonge ya udongo yenye mizizi ya nyasi, wakayapanga kama matofali wakajenga nyumba. Wakawa na kanisa, shule, duka, posta na timu ya besiboli. Idadi yao ilipita mia moja. Na jirani zao wazungu wa kijiji cha Brownlee waliishi nao vizuri. Walikuwa wakikutana katika sherehe za kiangazi, wakila na kucheza pamoja. Hiyo ilikuwa wakati ambapo sehemu nyingine za Marekani mtu mweusi alikuwa akiuawa kwa kutazama vibaya.

DeWitty ndicho kilichokuwa kijiji kikubwa kuliko vyote vya wakulima weusi katika Nebraska, na kilichodumu muda mrefu kuliko vyote. Lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1930 hakikuwa na mtu. Ekari 640 zinasikika nyingi, ila katika mchanga ule ng'ombe mmoja huhitaji ekari kumi au zaidi za malisho. Ukilima, unang'oa nyasi zilizoshika mchanga, na upepo unachukua kilichobaki. Familia moja moja ikauzia ranchi kubwa na kuhama. Wazungu wengi waliochukua ardhi kwa sheria hiyo hiyo walipatwa na hayo hayo.

Mwaka 2016 liliwekwa bango la kumbukumbu ya DeWitty kando ya barabara kuu namba 83. Tulisimama hapo. Upepo ulikuwa mkali hata hatukuweza kusikilizana. Majengo hayapo tena, ni nyasi tu na mto. Binti alilisoma bango lote, akapiga picha, akamtumia mama yake. Mtandao ulikuwa hafifu, picha ikachukua muda mrefu kwenda. Mpaka leo dada haitaji safari yetu bila kuitaja picha hiyo.

Niliyomwambia dada

Nilimpigia kutoka chumba cha hoteli, Valentine, na nikamweleza kama alivyotaka, bila kupamba.

Nilimwambia watu ni wakarimu. Katika mgahawa mzee mmoja alitusikia tukizungumza Kiswahili, akauliza ni lugha gani, kisha akaeleza kwa nusu saa jinsi ya kuendesha gari kwenye barafu. Alipojua binti huenda akahamia, aliandika namba ya simu ya mkewe kwenye karatasi ya kupangusia mikono, akasema gari likikwama wakati wowote ampigie. Nilimwambia pia kwamba katika duka jingine mtu alitufuata kwa macho toka tulipoingia hadi tulipotoka. Yote mawili ni kweli, na atakayeishi huko atayaona yote mawili.

Nilimwambia msikiti sikuuona, wala mtu wa kuswali naye. Ijumaa itakuwa yake peke yake. Ng'ombe wako kila upande, na nyama ya halali itabidi aibebe kutoka Omaha kwenye sanduku la barafu. Ila sheria za Marekani humruhusu mwenye mnyama kumchinja kwa matumizi ya nyumbani kwake, na mfugaji wa kuuza ng'ombe hatakosekana. Tatizo litakuwa mchinjaji, na friza ya kutosha.

Nilimwambia hakuna wa kuzungumza naye Kiswahili. Hilo ndilo lililomuumiza. "Basi atakuja kunijibu Kizungu," akasema.

Nikamwambia lile nililokuwa nikilifikiri tangu DeWitty. Wale watu hawakwenda kukaa peke yao. Walikwenda familia nyingi pamoja, na kitu cha mwanzo walichoshika kilikuwa kanisa na shule. Hata hivyo ardhi iliwashinda, wakaondoka na watoto wao waliokwishasoma, na hakuna aliyesema wameshindwa. Mwanao anakwenda na kazi mkononi, gari, simu, na mama mdogo umbali wa saa tano. Anaweza kukaa mwaka, akafaidi, akarudi. Mahali pa kuanzia kazi si lazima pawe mahali pa kuzikwa.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Na wewe ungempeleka wako?"

Swali hilo sikulitegemea. Nilimjibu kwamba ningempeleka, lakini si katika Januari.

Kabla hujatia saini

Kwa walio katika njia panda kama yetu, haya ndiyo maswali yaliyotusaidia. Tuliyaandika kwenye karatasi tukayauliza moja moja.

Mkataba ni wa muda gani, na ukiondoka mapema utadaiwa nini? Waajiri wengi wa vijijini hutoa fedha za kukaribisha, na wengi huzidai zote au sehemu yake usipomaliza muda. Usizitumie fedha hizo mpaka uwe umeuelewa mstari huo wa mkataba.

Ukiugua wewe, au ukiwa mjamzito, utahudumiwa wapi, na umbali wake ni maili ngapi? Uliza hasa kama pale wanazalisha, kwa sababu hospitali nyingi za vijijini Marekani zimeacha kuzalisha.

Utaishi wapi? Mji mdogo unaweza kuwa na kazi na usiwe na nyumba ya kupanga. Mwombe mwajiri akusaidie kabla hujahama, si baada.

Gari lako litastahimili baridi? Weka ndani blanketi, koleo, maji, chakula kikavu na tochi, na usiache tangi lishuke chini ya nusu. Huko kituo cha mafuta kinachofuata si kile unachokiona mbele yako.

Nani utampigia simu saa nane za usiku? Andika majina mawili ya watu wa pale pale, si wa Omaha wala Maskati. Kama baada ya miezi mitatu huna hayo majina mawili, fikiria upya.

Kama una watoto, watazungumza Kiswahili na nani? Katika mji mkubwa watoto hukipata kwa majirani, misikitini, makanisani, harusini. Huko watakipata kwako tu. Wazazi wawili wanaozungumza wenyewe kwa wenyewe wanatosha kukishika. Mzazi mmoja anayefanya zamu za usiku atachoka. Panga simu za bibi ziwe na siku zake na saa zake, na likizo za shule watoto wazitumie kwa ndugu.

Kwa wazazi nina neno moja. Tusiwaogopeshe vijana kwa sababu ramani ni tupu. Dada yangu alipotua Maskati miaka ishirini na miwili iliyopita, mama yetu naye alilia kwamba mwanawe anakwenda kukaa jangwani asikomjua mtu.

Binti ametia saini mwaka mmoja. Anaanza Januari, katikati ya baridi, pamoja na yote niliyoyasema. Dada kakubali kwa masharti mawili: simu kila Ijumaa baada ya swala, na koti zito nimnunulie mimi, yeye atanirejeshea fedha. Koti nimelinunua. Fedha bado nazingoja.

Mwezi ujao, Mungu akitujaalia, nitarudi kwenye karo za vyuo kama nilivyoahidi. Mliopo katika kaunti ndogo za namna hii, niandikieni mnaishije, na hasa mmewafanyaje watoto wasisahau lugha. Nitampelekea binti majibu yenu yote.